Mlafi ni Nani?

Neno "mlafi" ni hukumu. Ukimwita mtu mrefu umemweleza tu. Ukimwita mlafi umeshamshtaki na kumkuta na hatia. Tunachukulia kwamba angeweza kuacha, ila hataki.

Sasa mfikirie mtoto mwenye ugonjwa wa Prader-Willi, ulioelezwa na madaktari wa Uswisi mwaka 1956. Kwenye kromosomu ya 15, jeni fulani za upande wa baba hazipo au hazifanyi kazi. Ni ugonjwa wa nadra. Mtoto huzaliwa mlegevu, kilio chake hafifu, nguvu za kunyonya hana. Wengi hulishwa kwa mpira unaopitishwa puani. Mama anahesabu mililita. Karibu na miaka 2 uzito huanza kupanda, hata kabla hamu haijaongezeka. Baadaye, kwa wengi kufikia kama miaka 8, njaa inakuja na haiondoki. Anakula, tumbo linajaa, lakini taarifa ya kushiba haifiki. Mama yuleyule aliyebembeleza "nyonya kidogo tu, mwanangu" sasa anafunga kabati kwa kufuli.

Sayansi ilidhani imempata mkosaji. Ghrelini, homoni ya njaa inayotoka hasa tumboni, iligunduliwa Japani mwaka 1999. Mwaka 2002 watafiti wakaikuta nyingi mno kwenye damu ya wagonjwa hawa. Ila ngoja kwanza: imekutwa juu hata kwa baadhi ya watoto wachanga, walewale wasioweza kunyonya. Na dawa iliyoishusha haikupunguza hamu. Kwa hiyo hata homoni hatuwezi kuitia hatiani peke yake.

Basi mimi nikisogeza sahani na kusema nimeshiba, nimeonyesha kiasi gani hapo? Nimeletewa ujumbe ambao yeye hajaletewa, basi. Anayejizuia kweli ni yule anayekaa dakika tano mbele ya mkate bila kuugusa.

Kufuli nalo, jirani ataliita ukatili. Mimi siliiti hivyo, maana watoto hawa hutulia zaidi wakijua saa ya kula na kwamba nje ya hapo hakuna upenyo. Kinachonisumbua ni akifika miaka 25, ana simu, anajua kuagiza chakula mwenyewe. Ufunguo ashike nani? Ningependa aamue yeye, tena tumuulize akiwa ameshiba. Tatizo, saa hiyo kwake haipo.