Panya ni wa Nani?

Hapana usiku mrefu kama usiku wa mtu anayesikiliza panya. Kwanza husikia mkwaruzo darini, halafu mbio fupi juu ya mabati, kisha kimya, kisha kitu kinatafunwa polepole nyuma ya sanduku. Mtu huyo, akiwa macho gizani, hawawazi panya peke yao. Aghalabu humwaza jirani. Hujiambia moyoni, "Hawa wametoka kwake." Nataka, msomaji, tulichunguze wazo hilo dogo, maana ndani yake limo swali kubwa: wajibu wetu ni nini kwa jirani tunayemshuku bila ya kuwa na hakika?

Tuutazame mfano wa Busia na Malaba, upande wa Kenya, mpakani na Uganda. Malori yatokayo bandari ya Mombasa hupita hapa kwenda Kampala na mbele zaidi, na mara nyingi husimama foleni ndefu. Mahindi na maharagwe kutoka Uganda huingia Kenya kwa magunia, yakapimwa, yakamwagwa, yakatiwa tena katika magunia mengine. Maduka ya nafaka yamebanana na vyumba vya kulala watu, na ukuta mmoja huweza kuzitumikia nyumba mbili. Panapoanguka punje, panya hafiki kwa kuchelewa. Tena mipaka ya watu haimhusu. Vijia vya kupenya mpakani pasipo kupitia forodhani watu huviita njia za panya. Panya mwenyewe hajapata kujua njia nyingine.

Tuseme kuwa katika mtaa mmoja wa Busia wanakaa majirani wawili. Mmoja ni fundi wa cherehani. Wa pili ni mama mjane auzaye mahindi, mwenye chumba kimoja tu: mchana ni duka, usiku ni malazi yake na ya watoto wake. Asubuhi moja fundi anakuta kitambaa cha sare za shule, mali ya mteja, kimetafunwa matundu. Lazima akilipe. Hasira inampanda, na macho yake yanakwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa mama yule. Afanye nini? Aweza kunyamaza. Aweza kupiga kelele uani ili mtaa wote usikie. Aweza kutega sumu kimya kimya. Au aweza kubisha hodi na kusema. Njia hizi nne ziko mbele ya kila mtu, nawe siku moja zitakuwa mbele yako.

Kabla ya kuchagua, fundi ajiulize: najua nini, na nadhani nini? Dhana hukimbia upesi kuliko ukweli, lakini haina macho. Panya apitaye njia moja kila usiku huacha alama: mavi yake, alama za meno, na weusi wa mafuta ya manyoya yake ukutani. Mwenye kuifuata alama hiyo kwa taa huweza kufika kwenye ukuta wa jirani. Huweza pia kufika nyuma ya kabati lake mwenyewe, penye makombo ya ugali wa juzi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Nani angependa kumshitaki mwenziwe leo, kesho akakuta kiota chini ya kitanda chake?

Usidhani kuwa jambo hili ni dogo kwa sababu panya ni mdogo. Katika mwaka 1349, tauni iliyoua watu wengi mno katika Ulaya ilipokuwa ikiukaribia mji wa Strasbourg, Wayahudi wa mji huo walisingiziwa kuwa wanatia sumu visimani, wakachomwa moto kwa mamia. Tauni yenyewe ilikuwa haijafika mjini. Watu walikuwa na hofu, hawakujua chanzo, wakamtafuta jirani wa kubeba lawama. Ilipita miaka zaidi ya mia tano ndipo Alexandre Yersin alipokitambua kijidudu cha tauni huko Hong Kong mwaka 1894, na Paul-Louis Simond akaonyesha mwaka 1898 kuwa viroboto vya panya huueneza ugonjwa huo.

Hata baada ya elimu hiyo kupatikana, hasira haikuacha kazi yake. Mwaka 1902 tauni ilitokea katika soko la Wahindi mjini Nairobi, na watawala wa Kiingereza wakaamuru soko lichomwe. Mabanda yakateketea, lakini ugonjwa ulirudi baadaye. Baya zaidi, hofu ya tauni ikafanywa hoja ya kuwatenga watu katika makazi kwa rangi zao. Kuchoma nyumba za watu ni kazi ya siku moja. Kuchimba mifereji, kuleta maji safi na kujenga maghala mema ni kazi ya miaka. Mwenye hasira huchagua kazi ya siku moja, akaiita dawa.

Basi, je, fundi wetu anyamaze? Wapo wasemao kuwa kunyamaza ni adabu. Mimi sikubali. Panya jike hubeba mimba majuma matatu tu, akazaa watoto sita au zaidi, na watoto hao huweza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi. Kila juma la adabu ya namna hiyo ni riziki kwa panya. Tena anyamazaye mbele ya jirani huwa hanyamazi nyuma yake. Neno ambalo halikusemwa mlangoni kwa mama husemwa kisimani, sokoni na kinyozini, na mwishowe humfikia mwenyewe likiwa na mkia mrefu kuliko wa panya. Kumsengenya mtu kwa kosa ambalo hukumpa nafasi ya kulirekebisha ni kumwibia heshima yake.

Je, atege sumu? Atasema kuwa ua ni wake. Lakini sumu haikai mahali ilipowekwa. Sumu nyingi za panya za siku hizi huzuia damu kuganda, na huua baada ya siku kadhaa. Panya aliyekula kwako huenda kufia kwa mwenzako, na paka au bundi amlaye hupatwa na sumu ile ile. Kuku hadonoi kwa kusoma hati za viwanja, wala mtoto atambaaye hajui uzio. Yeyote awekaye hatari ambayo jirani hana habari nayo, hata kama ameiweka kwake, amekwisha kuvuka mpaka.

Imebaki njia ya nne, ambayo ni ngumu kuliko zote kwa kuwa yataka ushujaa na upole pamoja. Fundi asafishe chumba chake kwanza, si kwa kuwa amekosa, bali ili maneno yake yawe na miguu ya kusimamia. Kisha aende jioni, wateja wakiwa wameondoka, apige hodi, aseme: "Mama, nimekuja kwa shida inayotuhusu sote wawili. Panya wamenitafunia kitambaa cha mteja. Nimeziba matundu ya kwangu, nimeona moja linalopita chini ya ukuta wetu. Sijui wanaanzia wapi. Je, kwako unawasikia?" Angalia, msomaji, jinsi maneno hayo yalivyopangwa. Ametaja alichokiona, hakutaja anachokidhani. Hakusema "panya wako," kwa sababu panya hana mwenyewe. Naye amemaliza kwa swali, na swali humpa mwulizwa kiti cha kukalia.

Huenda mama akajibu, "Mwanangu, nami silali. Wamenitobolea magunia matatu, nikaona haya kusema." Hapo ndipo fundi atakapoliona jambo ambalo ukuta ulimficha. Alilodhani kuwa uchafu lilikuwa umaskini. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya inataka ghala la chakula cha biashara lijengwe panya asiweze kuingia, na inakataza watu kulala katika chumba kilichowekwa chakula cha kuuza. Sheria hiyo ni njema. Lakini mwenye chumba kimoja ataitii vipi? Kumwambia atengane na magunia yake pasipo kumsaidia kupata mahali pa kuyaweka ni kumwambia aache kula.

Hapa najua utaniuliza: kama mama akikasirika, akafunga mlango, na panya wakaendelea kuzaana, je, fundi avumilie milele? La. Upole si utumwa. Aende tena akiwa na mzee wa mtaa anayeheshimiwa na wote wawili. Likishindikana, na watoto wakiwa hatarini, amwite afisa wa afya, kwa jina lake mwenyewe na baada ya kumwarifu jirani yake. Sheria ikiitwa mwisho, baada ya subira, ni ulinzi; ikiitwa kwanza, kwa siri, ni kisasi kilichovaa kofia ya serikali.

Lakini mara nyingi mambo hayafiki huko. Mbao chache za kuinua magunia kutoka chini na kuyaweka mbali na ukuta, saruji kidogo, bati la kuziba chini ya mlango, pipa lenye kifuniko, na mitego miwili: vitu hivi si ghali vikinunuliwa na watu wawili. Mtu mmoja akiziba matundu yake, panya huhamia kwa wa pili. Wote wakiziba siku moja, panya hana pa kwenda. Husemwa kuwa panya wengi hawachimbi shimo, kwa kuwa kila mmoja humngojea mwenziwe. Ni aibu iliyoje watu kumshinda panya kwa akili, wakafanana naye kwa kungojeana!

Zamani msafiri wa Busia alisimama kwa maafisa wa Kenya, kisha akavuka akasimama tena kwa maafisa wa Uganda. Mwezi wa Februari mwaka 2018, marais wa nchi hizo mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja, ambamo maafisa wa pande mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Mpaka haukufutwa, mazungumzo ndiyo yaliyosogezwa karibu. Ukuta kati yako na jirani yako nao si lazima uvunjwe. Yatosha kila mmoja ajue kuwa upande wa pili yupo mtu ambaye, usiku huu, naye yuko macho akisikiliza.