Upelelezi wa Kuinama

Wakazi wa Nairobi wana jina lao la duka la vitabu lisilo na mlango: inama. Turubai linatandikwa chini, vitabu vinamwagwa juu yake, na anayetaka kusoma anainama. Soko la Toi, kando ya Kibera, ni la nguo na viatu vya mitumba kwanza. Vitabu hujibanza pembeni, kati ya mabegi ya shule na sufuria.

Huko ndiko anakokwenda mwalimu mmoja mstaafu wa Kawangware kila apatapo nauli ya ziada. Hatafuti cha kusoma. Hadithi zenyewe amezisoma hadi anajua muuaji kabla ya maiti kupatikana. Anatafuta matoleo ya kwanza ya riwaya za upelelezi, hasa za Bwana Msa, yule mvuta kiko wa Unguja aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla.

Riwaya ya kwanza ya Bwana Msa, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la 1957-58, na mwaka 1960 ikatolewa na East African Literature Bureau, shirika lililokuwa na makao yake papa hapa Nairobi. Kisima cha Giningi kikafuata, London, 1968. Kisha East African Publishing House ya Nairobi ikatoa Duniani Kuna Watu (1973) na Siri ya Sifuri (1974). Mzanzibari huyu, basi, alizaliwa kwa wino wa Nairobi, na kumtafuta Toi si wazimu kama jirani zake mwalimu wanavyodhani.

Kumpata ndiyo kazi. Uingereza, gazeti la Krismasi la 1887 lililomtambulisha Sherlock Holmes liliuzwa shilingi moja. Leo nakala chache zilizosalia huwindwa na matajiri, nao hupenda zisizo na alama ya kidole. Vitabu vya Bwana Msa havikuachwa viwe safi. Viliazimwa, vikapigwa mihuri ya maktaba, vikafunikwa kwa magazeti, vikasomwa hadi uzi ukakatika. Na karatasi haina maisha marefu Toi: soko liliteketea katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, likaungua tena Oktoba 2024.

Kinachomsumbua mwalimu ni jambo jingine. Muuza viatu wa Toi hadanganyiki. Ataikunja soli, ataunusa ule ukingo wa ngozi, na bei yake haitikisiki. Muuza vitabu hupima kwa unene. Kamusi nene mia tatu, riwaya nyembamba hamsini. Riwaya za Bwana Msa ni nyembamba. Mnunuzi anayejua anachokishika anaweza kukaza uso, akapiga miayo, akapunguziwa hata hiyo hamsini. Ni biashara, watasema wengi, na soko lina sheria zake. Lakini kuna kujua bei na kuna kuficha unachokijua mbele ya mtu ambaye hajauza tangu asubuhi, na mwalimu, aliyewatia adabu watoto wa watu miaka thelathini, hajawahi kuiona tofauti hiyo kuwa ndogo.

Jumamosi moja akakiona: Siri ya Sifuri, jalada limefifia, kona imetafunwa na panya. Akafungua nyuma ya ukurasa wa jina. 1974, na chini yake hakuna orodha ya kuchapwa upya. Moyo ukamdunda. Akauliza bei kwa sauti ya mtu anayeulizia nyanya.

"Hamsini, mzee wangu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akashindwa kujizuia.

"Kijana, hiki usikiuze hivyo. Hiki ni cha zamani sana. Tazama hapa, elfu moja mia tisa sabini na nne."

Kijana akakipokea, akakigeuza, akauona mwaka, akaiona na kona iliyotafunwa. Haya zikamwingia usoni.

"Pole, mzee. Sikujua ni kikuukuu hivyo. Basi lete thelathini."