Mwamvuli Ndani ya Mkoba

Msomaji wangu, mwamvuli mrefu haufichiki. Mwenye nao huonekana na wote, na mvua ikinyesha hana budi kuufungua mbele ya macho ya watu. Lakini mwamvuli mfupi, ule ukunjwao hata ukatoshea mkobani, una siri yake. Hans Haupt wa Ujerumani, aliyeubuni mwaka 1928, hakukusudia siri yo yote. Alikuwa amejeruhiwa vitani, akitembelea fimbo, na kuchukua fimbo pamoja na mwamvuli mrefu kulimtaabisha.

Mimi ninao wa namna hiyo. Vijiti vyake ni vya chuma imara, na hakuna upepo uliowahi kuupindua. Alasiri moja ya masika, mjini Kericho, nilijikinga mvua barazani pa duka nikingoja basi. Kando yangu alisimama bibi mmoja, mjukuu wake mgonjwa mgongoni, akiitazama zahanati iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Nilijua kwamba nikiutoa mwamvuli itanipasa kumvusha, na basi langu lilikuwa karibu kuondoka. Basi sikuutoa. Upepo ukaturushia maji, tukalowa sote; yeye kwa kukosa, mimi kwa hiari yangu.

Je, nilimkosea? Utasema kwamba mali ni yangu, wala bibi hakuniomba kitu. Ni kweli. Tena mwamvuli ule haufuniki mabega ya watu wawili, na anunuaye mwamvuli hajaahidi kuuezeka mji mzima. Hayo yote nayakubali. Linalonisumbua si kukataa. Laiti ningalikataa waziwazi, bibi angalinijibu, au angalimwomba mtu mwingine. Mimi nilimnyima hata nafasi ya kuomba, nikasimama kama maskini mwenziwe, nikipokea huruma yake.

Nawe usiharakishe kunihukumu. Likumbuke sanduku lako la bwenini, na sukari iliyomo chini ya nguo, na jinsi unavyolifungua taa zikisha kuzimwa.

Mvua haikupungua. Yule bibi alimfunika mtoto kichwa kwa ncha ya khanga yake, akanigeukia akasema, "Pole, mwanangu, umelowa. Mungu akufikishe salama." Akashuka barazani, akavuka polepole, maji yakimfika vifundoni.

Basi langu lilichelewa saa nzima.