Hatamu ya Mwenye Nguvu

Nguvu ni neema kwa aitawalaye, na msiba kwa atawaliwaye nayo. Wahenga waliwausia wanyonge wakisema: mwenye nguvu mpishe. Wasia huu wamfaa apishaye. Lakini apishwaye haukumwambia neno. Je, yeye hana wajibu?

Swali hili laweza kupimwa kwa motokaa moja ya Ujerumani, Mercedes-Benz SL 65 AMG, iliyotolewa mwaka 2004. Ni chombo cha anasa cha watu wawili, ambacho paa lake la chuma hujikunja likalala nyuma, wasafiri wakabaki chini ya mbingu. Injini yake ya silinda 12, iliyoungwa na fundi mmoja na kutiwa saini yake, ina nguvu za farasi 612. Kutoka kusimama hata kufikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huchukua sekunde 4.2 tu.

Walakini ajabu yake kubwa si nguvu hizo, bali ni pingu ilizofungwa na waundaji wake wenyewe. Nguvu ya kuzungusha ilizuiwa isizidi nyutoni mita 1000, ili giaboksi isivunjike. Na mwendo ulizuiwa usipite kilomita 250 kwa saa, kwa kufuata mapatano ya watengenezaji wa Ujerumani.

Yuko awezaye kusema kwamba kiasi kimekwisha patikana hapo. La. Pingu si adili. Mfungwa hasifiwi kwa kutotoroka hali milango imefungwa, wala motokaa haisifiwi kwa mwendo ambao haiwezi kuupita. Pingu ya kwanza ilihifadhi chuma. Haikuwekwa kwa kumhurumia mtu.

Adili huanza mahali pingu isipofika. Katika sehemu nyingi za barabara kuu za Ujerumani hapana mwisho wa mwendo uliowekwa kwa amri; tangu 1978 dereva hupewa shauri tu la kilomita 130 kwa saa. Baina ya 130 ya shauri na 250 ya pingu pana uwanja mpana, na hatamu yake ni dhamiri. Uwanja huo si wa mchezo. Nishati ya chombo huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Kwa hiyo kishindo cha kilomita 250 hukaribia mara nne ya kile cha 130. Kikitokea, hakimwangukii mwenye kukitaka peke yake. Humwangukia pia mwenye gari dogo aliyekuwa akienda taratibu upande wa kulia, ambaye alikwisha kupisha kama alivyousiwa.

Basi wasia wa wahenga una nusu ya pili, ijapokuwa haikutamkwa. Apishaye humwachia mwenye nguvu njia, na pamoja na njia humwekea amana, nayo ni uhai wake. Nguvu hupimwa kwa mashine. Mwenye nguvu hupimwa kwa namna atunzavyo amana hiyo.