Tabia na Ubongo

Mzee akiwa mkali ghafula baada ya kupooza, sisi huwa wepesi kusema ameharibika tabia. Ni mara chache tuulizapo kilichompata kichwani.

Katika mwaka 1848, huko Vermont, Marekani, mripuko wa baruti ulirusha mtaimbo wa chuma, ukamwingia Phineas Gage, msimamizi wa kazi ya reli, chini ya shavu la kushoto, ukatokea utosini. Hakufa. Lakini sehemu ya mbele ya ubongo, izuiayo ulimi na pupa, iliumia. Tabibu wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu yule wa busara na mpango amekuwa mtukanaji asiyetulia, hata rafiki zake wakasema si Gage tena.

Je, matusi yale ni dhambi yake au ni jeraha lake? Sharia humwondolea lawama mwenda wazimu. Naye Gage wazimu hakuwa nao. Wako wasemao leo kuwa mwanadamu ni mishipa ya fahamu tu, basi asilaumiwe mtu. Hao wamepita mpaka. Kwani Gage huyo huyo baadaye aliendesha magari ya farasi miaka kadhaa huko Chile, kazi isiyofanyika bila ya subira na adabu kwa abiria. Jeraha la ubongo halikumtoka mpaka alipokufa mwaka 1860. Adabu, kwa kadiri ionekanavyo, ilimrejea kwa mazoea ya kazi.