Samaki Aliye Majini

Kila aliyesoma fiqhi ya Kishafii kwenye madrasa za pwani yetu anaujua mfano huu: haifai kumuuza samaki ambaye bado yumo baharini. Muuzaji hajammiliki, hawezi kumkabidhi, na mnunuzi hajui atapata nini. Ni gharari, basi. Mjomba wangu, ambaye amesomesha watoto wa Kilindoni, kisiwani Mafia, tangu sijazaliwa, alinitolea mfano huohuo aliposikia kazi ninayoifanya. "Sasa mjomba," aliniambia, "samaki umemwacha anaogelea, na pesa umeshazitia mfukoni. Umeuza nini hasa?"

Mimi hupiga video chini ya maji. Sina kampuni wala tajiri. Nina kamera, boksi lake lisiloingiza maji, taa mbili, na deni la kompyuta. Kuanzia Oktoba hadi Februari, papa potwe wanapokuja kula uduvi karibu na Kilindoni, huwa nao. Miezi mingine hushuka kwenye matumbawe ya Ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Vipande vya nusu dakika huviweka kwenye maghala ya mtandaoni kama Pond5. Mtengenezaji wa filamu aliyeko Toronto analipa, ghala linakata fungu lake, tena nono, salio linanijia. Kipande chenyewe kinabaki changu, na kesho mwingine atalipia kilekile.

Hapo ndipo mjomba alipozidi kukunja uso. Lakini jibu lilikuwamo kwenye vitabu vyake mwenyewe. Mwenye nyumba hupokea kodi ya ukaaji, na nyumba inabaki yake. Hiyo ni ijara, ina mlango wake mzima katika fiqhi. Ruhusa ya kutumia picha ni manfaa ya namna hiyo. Samaki hakuuzwa, kilicholipiwa ni matumizi ya kazi yangu. Alikubali, kwa shingo upande. (Nahodha anayemwona potwe kabla yangu naye ana fungu lake kila kipande kinapouzwa. Hilo halikuhitaji fatwa.)

Likafuata suala la sura: je, kupiga picha ya kiumbe si kushindana na uumbaji wa Mungu? Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, alitoa hoja kwamba picha ya kamera haishindani na uumbaji. Ni kivuli kilichozuiwa kisiondoke. Wapo wanaoikataa hoja hiyo mpaka leo. Mimi naifuata, ila nikishuka mita kumi naiona inatikisika. Maji hula rangi, na huanza na nyekundu. Kwenye kina hicho samaki mwekundu anaonekana wa kijivu, na ukijikata kidole, damu yako utaiona ya kijani. Basi kivuli ninachokizuia kimeshachujwa na maji kabla hakijanifikia. Nikiwasha taa, wekundu unarudi. Nikifika nyumbani naweza kuurudisha kwa kompyuta, na naweza pia kuongeza usiokuwapo kabisa, maana wanunuzi wanapenda bahari iliyokoza kuliko bahari ilivyo.

Hapa ijara hainisaidii. Nimelipata jibu sokoni Madina, pale Mtume alipotia mkono kwenye chungu ya nafaka, akakuta juu imekauka na chini imelowa, akamuuliza muuzaji kwa nini iliyolowa hakuiweka juu watu waione. Hakukataza nafaka wala biashara yake. Rangi ambayo taa ingeionyesha palepale, kuirudisha naona ni halali. Tumbawe lililokufa nikilitia zambarau, nimelificha kama nafaka ile.

Na kuna yaliyotendeka kabla kamera haijawashwa. Filamu ya Jacques Cousteau na Louis Malle, Le Monde du silence, ilipata tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Ndani yake mabaharia wanalipua matumbawe kwa baruti ili wahesabu samaki waliopo, na kwingine wanaua papa kwa hasira. Ukiwa mtu wa pwani ya Tanzania, unayejua mlipuko wa baruti huacha nini, huwezi kuitazama sehemu ile kwa raha. Picha zake ni nzuri mno, na uzuri huo haujasafisha kitu. Ndiyo maana simgusi potwe wala simkatizi njia, na simwagi chambo ili papa wakali waje mbele ya lenzi, ingawa papa aliyeachama mdomo hununuliwa upesi kuliko kasa anayekula majani ya bahari.

Linalonisumbua kuliko yote ni maelezo ya kipande. Mwaka 1998 joto la El Niño liliyafanya matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yawe meupe, na weupe huo umerudi miaka mingine. Video ya tumbawe jeupe ikiandikwa tu "Bahari ya Hindi", inamfaa yeyote: anayesimulia Maldivi, anayesimulia Shelisheli, hata anayesimulia mwaka ambao haikupigwa. Ikiandikwa Chole, mwezi na mwaka, wateja wanapungua. Mmoja aliniomba nilifute jina la Mafia kwa kuwa filamu yake ilihusu kwingine. Nilimjibu aitafute huko kwingine. Mjomba, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alilielewa hili upesi kuliko wanunuzi wangu wengi: shahidi asiyetaja mahali wala siku, kadhi humfukuza.

Kwa hiyo pesa ya samaki asiyevuliwa ni halali, na mjomba sasa anakubali. Wewe unayeshuka na kamera, andika mahali, mwezi na mwaka. Andika kama ulimwaga chambo, andika kama rangi umeigusa. Nawe unayenunua, uliza kabla hujalipa.