Jani la Sale

Kumsahihisha mkubwa wako ni utovu wa adabu, au kumnyima ukweli ndiyo utovu wenyewe? Mimi nilijibu swali hili kwa kunyamaza.

Ilikuwa Kibosho, kwa shangazi yangu. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, mdogo kama punje ya kahawa, hauumi. Muuza dawa mmoja huko mjini alikuwa amemwambia achemshe majani ya mstafeli, eti saratani itayeyuka yenyewe. "Si majani tu, baba? Yatanidhuru nini?" Mimi, msomi wa familia, nikausifia mtori wake, nikapanda daladala kurudi Moshi.

Msinielewe vibaya, siyakatai majani. Paclitaxel, dawa inayotibu saratani ya matiti hospitalini, asili yake ni magome ya mti wa Marekani. Magome yale yalichumwa mwaka 1962. Ruhusa ya kuitumia dawa kwa saratani ya matiti ikatoka 1994. Miaka 32 ya kupima! Kipimo kikizidi, mgonjwa anaumia. Kikipungua, hapati kitu. Nani amempimia shangazi sufuria yake? Maji ya mstafeli yanaweza kuua seli ndani ya kichupa cha maabara, sawa. Lakini mwili wa mtu si kichupa. Mnafu na maharage ni chakula chema, tule tushibe, ila uvimbe hauondoki kwa mboga.

Wala tusiwacheke wanaokunywa. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500. Walikuwemo wasomi, walikuwemo wakubwa. Mwenye hofu humfuata anayezungumza naye. Muuza dawa alizungumza na shangazi. Mimi je?

Miezi minane baadaye uvimbe ukawa umefika kwapani. Sasa anatibiwa, nywele zimekwisha. Siku moja akaniuliza taratibu, "Ulikuwa unajua, baba?"

Jani la mstafeli halikumdanganya, maana jani halina mdomo. Muuzaji alidanganya kwa kusema, nami kwa kunyamaza. Tofauti yetu ni kwamba yeye alilipwa, mimi nikaitwa kijana mwenye heshima. Heshima gani hiyo, inayomwacha mtu apotelewe na miezi minane?

Sisi Wachagga tunalo jani la kukiri kosa: sale. Jumapili nilikata moja kwenye mpaka wa kihamba, nikamshikisha mkononi. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Nimepokea," akasema. "Na jirani yangu pale ng'ambo, anayechemsha majani yale yale, umeshamwambia?"

"Bado, shangazi. Yule ni mtu mzima, nitaanzaje..."

Akanitazama tu. Nikasimama, nikatafuta viatu vyangu.